Maji ya Imana

Jumapili iliyopita nilikasirika katikati ya misa, na sitaki mtu aje kuniambia kwamba ni dhambi. Kwaya ya vijana ilisimama, ngoma zikapigwa, wakaanza kumsifu Mungu kwa jina lake la Kinyarwanda, Imana huku, Imana kule, mpaka vipaza sauti vikawa vinakoroma. Padri, kijana mzuri wa umri wa wajukuu wangu, alifumba macho akainua mikono. Kanisa zima lilisimama likipiga makofi. Mimi niliketi. Jirani yangu kwenye benchi alidhani ni magoti, akanishika mkono aninyanyue, nikamwambia aniache. Magoti yangu hayana neno. Kilichoniuma ni jinsi jina lile lilivyowatoka kwa urahisi, kama kitu ambacho hakijawahi kumgharimu mtu.

Lilimgharimu mama yangu. Ninyi wa rika langu mliokulia hapa Goma mnakumbuka, au labda mmesahau, maana naona watu wamekuwa wepesi wa kusahau. Enzi zetu jina hilo halikupita mlango wa kanisa. Liliachwa nje pamoja na hirizi na vibuyu vya waganga. Ndani alikuwamo Mungu, na wimbo wake ulikuwa wa Kiswahili au wa Kilatini. Imana, tuliambiwa, ni wa washenzi.

Tulikaa upande wa Katindo, katika nyumba ya miti na udongo ambayo Papa, baba yangu, aliijenga mwenyewe. Alikuwa seremala katika karakana ya Mzungu mmoja, na alirudi jioni ana vumbi la mbao kwenye nyusi. Yeye alikuwa Mkristo, jina lake Yosefu, alibatizwa baada ya kumwoa Mama. Mama alitoka Kibumba, kule juu ambako hakuna mto wala chemchemi. Mvua ikinyesha, watu wa Kibumba hukinga maji kwa majani ya migomba, isiponyesha, hutazamana. Ndiyo maana Mama aliyaheshimu maji kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Hata ya kuoshea viazi hakuyamwaga, aliyapeleka kwenye mche wa kitunguu.

Watu husema Goma maji yako karibu, ziwa lile pale. "Karibu" ni neno la mtu asiyebeba. Kutoka nyumbani kwetu hadi ziwani njia ilipita juu ya makoro, yale mawe meusi ya volkano yenye meno, na miguu yangu ilikuwa mitupu. Kushuka si kazi. Kupanda na mtungi kichwani, shingo imekakamaa, jua limeshachomoza, na jiwe moja tu linangoja kidole chako, hiyo ndiyo kazi. Nilikuwa mtoto wa pekee aliye hai, kwa hiyo maji yalikuwa yangu.

Sasa fikirini hasira yangu kila jioni. Vyombo vikiisha kuoshwa, Mama alichukua chungu kidogo cheusi, akakijaza maji safi, maji niliyoyapandisha mimi, akakiweka pembeni mwa jiko na kukifunika kwa kipande cha kikapu. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuyagusa. Yalikuwa maji ya Imana.

"Imana anashinda kwa batu wengine muchana yote," Mama aliniambia, "na magaribi anakuya kulala kwetu. Akikuta mayi haiko, ataumba batoto na nini?"

Wanawake wa kwetu walijua jambo hilo tangu zamani: mtoto hufinyangwa tumboni kama chungu, na mfinyanzi hawezi kufinyanga udongo mkavu. Mama wa nyumba asiyeacha maji usiku ni mama asiyetaka mtoto. Lakini mimi nilielewa kwa akili yangu. Nilielewa kwamba tuna mgeni anayelala kwetu bila kuonekana, asiyesaidia kazi yoyote, na ambaye ana ziwa zima alilolitengeneza mwenyewe lakini anataka ya kwangu. Asubuhi nilikuwa wa kwanza kufunua chungu. Maji yalikuwa palepale.

"Hakunywa hata tone!" nilisema. "Nilichoka bure."

"Alikuya, aliona, alishiba," Mama alijibu, akanichotea kiganja kimoja akaniosha uso. "Aksanti Imana kwa kutuamusha."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba wako wawili. Mungu aliishi kanisani. Alijua Kiswahili, alikuwa na ndevu nyeupe kwenye picha iliyokuwa juu ya altare, na alifanana sana na Padri wetu, mzee Mzungu mwenye miwani. Imana aliishi kwetu, alijua Kinyarwanda, na hakuwa na picha. Mungu alikuwa tajiri, ana mabati na kengele. Imana alikuwa maskini, ana chungu. Hata jina langu lilikuwa na pande mbili: kanisani niliitwa Anjelina, nyumbani Uwimana, yaani wa Imana. Kwa hiyo nilijihesabu kuwa mtu wa Imana anayekopeshwa kwa Mungu siku ya Jumapili. Hakuna aliyenisahihisha kwa sababu hakuna niliyemuuliza. Mtoto haulizi jambo analolijua.

Mama alikuwa na ugonjwa wa kushukuru. Nasema ugonjwa kwa sababu uliniudhi. Mvua ikinyesha, aksanti Imana, shamba limekunywa. Isiponyesha, aksanti Imana, maharage yatakauka vizuri. Papa alipojipiga nyundo kidoleni, yeye alikishika kile kidole kilichovimba akashukuru kwamba si mkono. Jirani yetu Mama Zaina, Mwislamu wa watu wa Maniema, mke wa dereva wa lori, alimcheka mpaka akashika mbavu.

"Weye siku moja utavunjika muguu," alimwambia, "na utashukuru juu uko na ingine."

"Sasa nitalia juu ya ile imevunjika, nani atatembea na ile imebakia?" Mama alimjibu, nao wakacheka wote wawili.

Mimi sikucheka. Siku moja, nikitoka ziwani na kidole kinachovuja damu, nilimsikia tena: aksanti Imana kwa maji. Nikautua mtungi kwa kishindo. Nilimwambia kwamba maji nimeleta mimi, Imana hakushika hata kata ya kichwani. Mama alinitazama kwa makini, kama mtu aliyedaiwa haki. "Ni kweli," akasema. "Aksanti, Uwimana." Nikaridhika. Halafu alipogeukia jiko nikamsikia chini chini: "Aksanti Imana kwa kunipa Uwimana." Ungefanyaje na mtu kama huyo?

Kisha akawa mjamzito, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kati yangu na mimba ile walizaliwa wadogo zangu wawili. Wote walikufa kabla ya kuota meno. Kwa kuwa baba yao alikuwa Mkristo walikuwa wamebatizwa, wakazikwa katika makaburi ya misheni, chini ya misalaba midogo ambayo Papa aliichonga mwenyewe karakanani huku wenzake wakijifanya hawamwoni. Mama hakuwa amebatizwa. Alikuwa bado anasoma mafundisho, akienda na kurudi, maana kila alipokaribia kumaliza alizaa au alizika. Na sheria ilikuwa wazi: asiyebatizwa hazikwi ndani ya ua wa misheni. Huzikwa nje, kwenye makoro, anakozikwa yeyote.

Uzazi wa Mama ulikuwa mgumu tangu wangu. Nilimsikia akimwambia Mama Zaina, wakichagua maharage kwenye ungo mmoja: "Kufa siogope. Lakini nikikufa na mimba hii mbele ya kubatizwa, miye bataniweka inje na batoto bangu balale ndani peke yao. Nani atabafunika?"

Mama Zaina aliendelea kuchagua maharage. Mimi nilikuwa nimelala chali juani kando yao, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba mama yangu anaweza kufa, na kwamba hata kufa kwenyewe kuna ua na mlango. Ubatizo ulikuwa siku ya Pasaka, na mtoto alitarajiwa baadaye kidogo. Kilichobaki ni mtihani wa katekisimu tu.

Mwalimu wa katekisimu aliitwa Fabiani. Alikuwa mdogo kwa Mama kwa umri, mtoto wa Kibumba vilevile, lakini alisoma seminari kidogo akarudi na shati jeupe na Kiswahili cha kitabuni. Wanasema jogoo wa shamba hawiki mjini, huyu aliwika. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga. Aliogopa Padri asije akamkuta amekosea, na kwa woga huo akawa mkali kwetu sisi ambao hatukuweza kumfanya lolote.

Mtihani ulifanyika barazani mwa kanisa. Mama aliketi kwenye mkeka pamoja na wanawake wengine, tumbo limemtangulia, kitambaa kipya kichwani. Alikuwa ameshika mafundisho yote kichwani, maana kusoma hakujua. Nilimsikia akiyarudia akipalilia, akisonga ugali, akinisuka nywele. Mimi nilikaa kwenye ngazi nikiwa na uhakika naye kabisa. Zamu yake ilipofika Fabiani akamuuliza swali la kwanza, lile jepesi, ambalo hata kasuku angelijibu.

"Nani alikuumba?"

"Imana," Mama alisema.

Fabiani akatazama mlango wa nyumba ya Padri.

"Nani?"

"Imana njo aliniumba."

"Katika katekisimu hakuna Imana. Jibu ni: Mungu ndiye aliyeniumba. Imana ni wa wapagani, wanamtaja wapiga ramli. Tunaambiwa hata nyumbani kwenu unamwekea maji. Jibu tena, mama. Nani alikuumba?"

Leo najua kwamba Mama angeweza kusema neno moja tu akaenda zake. Nilimwona akilitafuta. Midomo yake ilifunguka ikafungwa. Hakuwa mbishi, wala hakuwa mtu wa kutafuta ugomvi na wakubwa. Lakini alikuwa ameambiwa kwamba yule anayemwita kila asubuhi ni mtu wa wapiga ramli, kisha anaulizwa mbele ya watu kama anamjua.

"Mwalimu," alisema polepole, "ule aliniumba, namujua tangu zamani. Huyu Mungu yenu, kama ni mutu mwingine, basi samahani, sikumujua. Na kama ni ule ule, tunagombana juu ya nini?"

Fabiani alifunga kitabu. "Utarudi mwaka ujao."

"Mwaka kesho nitakuwa nimezaa ao nimekufa."

"Utarudi mwaka ujao, mama," alisema tena, na sauti yake ilikuwa ndogo, lakini alisema. Akaita jina la mwingine. Nami najiuliza mpaka leo ni mdomo wa namna gani unaoweza kumwambia mwanamke mjamzito maneno hayo kisha ukaendelea kutafuna chakula cha mchana.

Nyumbani Papa alikasirika, si kwa Fabiani, kwa Mama. "Neno moja!" alisema. "Neno moja lilikushinda? Sema Mungu, batizwa, halafu ukirudi huku mwite vile unapenda."

"Papa Anjelina, siku ya kuzaa nitamuita nani?" Mama aliuliza. "Nikimukana leo mbele ya batu, siku ile nitamuita na uso gani?"

Papa akakaa chini. Mama akaanza kucheka peke yake, kicheko cha uchovu. "Na ule Fabiani mwenyewe! Unajua mama yake alimupa jina gani? Hakizimana. Imana njo anaponyesha. Nilikuwa pale siku ya kumupa jina, nilikula maharage yao."

Niliruka. "Mbona haukumuambia, Mama? Mbele ya bote!"

"Ili apate haya mbele ya bamama? Hapana. Mutoto wa mutu ule."

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata miguu. Kama Mama hatasema, nitasema mimi. Na sikuona haja ya kwenda kwa Fabiani, kwa sababu Fabiani ni mtumwa tu. Mwenye neno ni Mungu mwenyewe. Ilikuwa wazi kwangu: Mungu anamwonea wivu Imana, kama mke mkubwa anavyomwonea mke mdogo, na anamtesa kupitia Mama.

Siku iliyofuata, baada ya maji, nilikwenda kanisani mchana, hakuna mtu. Nikasimama mbele ya picha ya ndevu. Nikamwambia kwa Kiswahili, ili asije akasema hakuelewa: "Weye uko na nyumba kubwa. Uko na mabati, uko na kengele, uko na batu wa kukuimbia. Imana hana hata kibanda, analala kwetu. Anakufanyia nini? Unamuonea juu ya nini? Na mama yangu unataka alale inje juu ya nini?" Nililia pia, lakini ni kwa hasira.

Nikasikia kicheko. Padri alikuwa amesimama kwenye mlango wa sakristia. Aliniuliza nagombana na nani, nikamwambia nagombana na Mungu, na nikamweleza yote, Imana na Mama na makaburi. Alisikiliza, nampa haki yake, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani akaifuta, maana alikuwa amecheka mpaka machozi yakamtoka. Akanipapasa kichwa akanipa bomboni, pipi ya Kizungu. Jioni alilisimulia mezani, masista wakalisikia, na shuleni wakaanza kuniita avoka wa Imana, yaani wakili wake. Kuhusu Mama hakuna kilichofanyika. Mtoto amewaambia kwamba mama yake atazikwa mbali na watoto wake, wao wakaona ni kichekesho. Bomboni niliila, ilikuwa tamu, na utamu wake uliniongezea hasira.

Pasaka ikapita. Wenzake Mama walibatizwa, naye akaenda kuwapigia vigelegele. Ndiyo, alikwenda. Akawapikia na viazi. Mimi nilikataa kula.

Uchungu ulimshika alfajiri moja, na kufikia saa ya watu kwenda sokoni ilikuwa imejulikana kwamba mambo si mazuri. Mama Zaina alikuwa ndani naye. Sikwenda ziwani siku hiyo. Hakuna aliyenikumbuka, na maji ya mtungi yakaisha kwa kuosha na kukanda. Nilichuchumaa nje chini ya dirisha. Nilimsikia Mama: "Imana wee, Imana wee." Nilimsikia Mama Zaina: "Ya Rabi, ya Rabi, musaidie huyu." Nilimsikia Papa, aliyekuwa akizunguka nyumba kama kuku aliyepotelewa na vifaranga: "Mungu wangu, Mungu wangu." Nikafikiri: basi, leo watakuja watatu, na nyumba ni ndogo, na watagombana mlangoni wakati Mama anakufa.

Mama Zaina alitoka nje, mikono yake sitaki kuieleza. Alimwambia Papa kitu kimoja tu: "Kama iko kitu dini yenu inafanyaka kwa mutu anakufa, kimbia."

Papa alikimbia misheni. Padri alikuwa amekwenda upande wa Kibati kumtazama mgonjwa. Aliyerudi na Papa ni Fabiani, shati limetoka suruali, anahema. Alisimama mlangoni, hakuthubutu kuvuka, maana mwanamume haingii penye uzazi.

"Ingia!" Mama Zaina alimfokea. "Hapa mwanaume haiko, mwanamuke haiko. Iko mutu anakufa."

Aliingia. Mimi nikaingia nyuma yake, na hakuna aliyenifukuza. Fabiani alipiga magoti kando ya kitanda. Alijua wajibu wake: katika hatari ya kufa mtu yeyote anaweza kubatiza, yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha watu. Lakini ilimpasa kwanza kumuuliza mgonjwa kama anasadiki. Akafungua mdomo. Mama akageuza uso wake uliojaa jasho akamtazama, na pumzi iliyobaki akaitumia kwa neno lake moja: "Imana wee."

Fabiani akamtazama Papa. Na Papa, ambaye maisha yake yote sikuwahi kumsikia akimwinulia sauti mtu aliyevaa shati jeupe, akasema: "Fabiani. Batiza muke wangu." Hakusema mwalimu.

"Maji," Fabiani alisema. "Nipeni maji."

Mtungi ulikuwa mtupu. Mama Zaina alizungusha macho nyumba nzima. Nilikwenda pembeni mwa jiko, nikaondoa kile kipande cha kikapu, nikamletea chungu cheusi. Yalikuwa ya jana usiku, hayajaguswa. Hakuuliza ni ya nani. Alijaza kiganja akamwagia Mama kwenye paji la uso, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, anamwaga kwa haraka hata maji yakaingia masikioni: "Maria, ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Maria ndilo jina lililomjia upesi. Mama alifumba macho. Nilimwona akitabasamu kidogo, yule mwanamke aliyekuwa anakufa, na ninajua alikuwa anatabasamu kwa sababu ya maji.

Mama Zaina akatutoa nje, Papa, Fabiani na mimi. Tulikaa watatu ukutani, majirani wakaacha njia wakasimama mbali. Ndani sauti mbili ziliendelea, Imana wee, ya Rabi, na kando yangu Papa, Mungu wangu. Nilitazama mlango nione nani ataingia kwanza. Hakuingia mtu. Jua lilipoanza kushuka mtoto akalia, mkali, kama aliyekanyaga jiwe. Kisha tukasikia Mama akiomba uji.

Niliketi pale nikifikiri kwa bidii kubwa. Watu watatu walikuwa wameita majina matatu, mlango ulikuwa mmoja, na aliyeitika aliitika mara moja tu. Sikuhitaji katekisimu tena. Nilimgeukia Fabiani nimwambie, nikakuta analia, ameficha uso kwenye mikono, nikamwacha.

Mngedhani yaliishia hapo. Hayakuishia. Aliyebatizwa katika hatari akipona, ilimpasa kuja mbele ya Padri kujibu mafundisho ndipo akaribishwe kwenye meza ya Bwana. Kwa hiyo Mama, alipopata nguvu, alifunga kile kitambaa kichwani, akambeba ndugu yangu mgongoni, tukaenda barazani palepale. Padri aliketi kwenye kiti. Fabiani alisimama na kitabu chake. Nami niliona kwa macho yangu kwamba mtu huyu, aliyepiga magoti nyumbani kwetu, atauliza tena. Nilitaka kumrushia jiwe.

"Nani alikuumba?" aliuliza. Hakuinua macho.

Mama alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtoto wa jirani.

"Ule tulimuita siku ile, mwalimu. Ulikuwa pale. Alikuya."

Padri aliegemea mbele, sikio lake moja halikuwa zuri. "Amejibu nini?"

Fabiani aligeukia kiti cha Padri. "Amejibu vizuri, Padri," alisema, akafungua ukurasa unaofuata.

Amejibu vizuri! Wengine wangesema huo ni wema, na Mama alisema hivyo mpaka alipozeeka. Mimi nasema mtu mwenye ukweli mdomoni aliumeza ili abaki na kazi yake. Miaka ilipita, akaja padri mwingine, akatangaza Jumapili moja kwamba kuanzia sasa tunaweza kusali kwa kusema Imana, vitabu vipya vimefika. Alitangaza kama anavyotangaza harambee. Hakuna aliyesema tumekosea. Hakuna aliyewataja wanawake waliorudishwa. Niligeuka kumwangalia Mama nione hasira yangu usoni mwake, nikamkuta ameshaanza kuimba. Hilo ndilo lililonikalia kooni Jumapili iliyopita, na litanikalia mpaka nife.

Lakini siku ile ya barazani, tulipotoka, Mama hakuelekea nyumbani. Alipita lango la makaburi, mara ya kwanza kama mtu wa humo, akaenda moja kwa moja hadi kwenye ile misalaba miwili. Akaketi chini, akamtoa mtoto mgongoni akamlaza mapajani, akaanza kung'oa majani kwa mkono mmoja. Alishukuru kwa mtoto. Alishukuru kwa Mama Zaina, kwa Papa, kwa Fabiani, eti kwa Fabiani! Mimi nilikuwa nimesimama nimefura. Nikaamua kumuumiza, maana nilitaka mtu mmoja tu katika familia yetu akasirike pamoja nami.

"Na hawa je?" niliuliza nikionyesha misalaba. "Kwa hawa pia unasema aksanti?"

Mkono wake ukaacha kung'oa. 

"Hapana," alisema. "Kwa hawa bado. Sijamuambia aksanti hata siku moja, na yeye anajua." Akampangusa mtoto mdomo kwa ncha ya kitenge. "Hajaniuliza. Hana haraka na miye."